Mimba, Sukari na Harufu Niliyoishi Nayo

Ile glukosi niliinywa saa mbili asubuhi, tumbo tupu tangu jana yake usiku. Gramu 75 zilizoyeyushwa kwenye maji, tamu mpaka koo linakwangua, na muuguzi kasimama mbele yangu anaangalia saa ili niimalize ndani ya dakika tano bila kuitapika. Nilitolewa damu kabla ya kunywa, nikatolewa tena baada ya saa moja, na mara ya mwisho baada ya saa mbili. Ilikuwa wiki ya 26 ya mimba yangu ya kwanza. Majibu yakarudi, kwa milimoli kwa lita: 5.4, 10.7, 8.9. Mipaka inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2013 ni 5.1, 10.0 na 8.5, na ukifika mmoja tu unahesabiwa una kisukari cha mimba. Mimi nilivuka yote mitatu.

Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Mama, unapenda sana vitu vitamu, eh?"

Sikuwa mpenzi wa vitu vitamu. Kabla ya mimba sikuwa mnene, na kwa upande wa mama hata wa baba sijui mtu aliyeugua kisukari. Lakini swali lile lilinikaa kifuani. Kila nilipojidunga kidole, pembeni mwa ncha maana katikati panauma, nilijisikia kama mtu anayeungama kosa. Nilipunguza chakula mpaka nikaanza kuona kizunguzungu, na bado namba ya asubuhi ilikuwa juu. Hiyo ya asubuhi ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Usiku kucha sijatia kitu mdomoni, halafu naamka sukari imepanda. Ilitoka wapi?

Zilipita wiki tatu kabla sijakutana na daktari mwingine, mama wa makamo, ambaye hakuniuliza nakula nini. Alisoma kadi yangu, akaiweka mezani, akasema, "Dada, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia mimi ni msusi, huu mwaka wa tisa.

"Hebu nieleze siku yako, tangu unapofungua mlango."

Basi nikaeleza. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha lipo lakini limezibwa na rafu ya vipodozi. Asubuhi ni dawa za kulainisha nywele, mchana rangi, jioni kucha. Spreyi ya kushikiza nywele inapigwa karibu na uso wa mteja, maana yake karibu na uso wangu pia. Pasi ya nywele ikipita juu ya nywele zilizopakwa dawa ya kunyoosha, unapanda moshi mweupe unaochoma macho, na wote mle ndani tunageuza shingo kwa pamoja kama tumeamriwa. Chakula cha mchana tunakula palepale, tumekipasha moto ndani ya chombo cha plastiki kilichokwisha kupauka kwa kupashwa mara kwa mara. Jioni nikirudi nyumbani nguo zinanuka saluni. Nikizifua zinanuka saluni. Nikizianika juani kutwa nzima, kwapani na kwenye kola bado ile harufu ipo.

"Hiyo harufu isiyotoka," akasema, "kuna kitu kimewekwa ili kuishikilia."

Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno thaleti. Ni jamii ya kemikali zinazotumiwa kulainisha plastiki, na moja kati yake hutiwa kwenye manukato na vipodozi vyenye harufu ili harufu isiruke upesi. Nyingine, kwa miaka mingi, ilitiwa kwenye rangi ya kucha isipasuke, mpaka Ulaya ikaikataza kwenye vipodozi katikati ya miaka ya 2000. Kwenye chupa huikuti imeandikwa. Unakuta neno moja tu, *parfum*, na ndani ya neno hilo vinaweza kuwemo vitu kadhaa.

Niliporudi nyumbani sikulala. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa ni kule kugundua kwamba kwa miaka yote tisa hakuna aliyewahi kuniambia pumzi ninayovuta kazini inaweza kuwa na uhusiano wowote na sukari. Kikohozi, ndiyo. Macho, ndiyo. Ngozi ya mikono, hilo kila msusi analijua. Lakini sukari?

Katika ziara zilizofuata yule daktari alinifundisha, kidogo kidogo, na mengine nikayasoma mwenyewe. Nitayasema jinsi nilivyoyaelewa.

Mimba yenyewe, hata kwa mwanamke mwenye afya tele, inageuza namna mwili unavyoshughulikia sukari. Kondo la nyuma linamwaga homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe sugu kwa insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ili sukari ibaki kwenye damu muda mrefu kidogo na mtoto apate sehemu yake. Kufikia miezi ya mwisho, insulini ya mama inafanya kama nusu tu ya kazi iliyokuwa ikifanya kabla. Ini nalo linaachia sukari zaidi, hata usiku wakati umelala hujala kitu, na hilo ndilo lilikuwa jibu la namba yangu ya asubuhi. Ili mambo yasiharibike, kongosho hulazimika kutengeneza insulini maradufu na zaidi. Wanawake wengi kongosho lao linaweza. Wengine linashindwa, na kushindwa huko ndiko kunakoitwa kisukari cha mimba.

Sasa fikiria kongosho limeshabebeshwa mzigo huo, halafu linakuja jambo la pili kutoka nje. Thaleti, na pia bisfenoli A, ile iliyomo kwenye plastiki ngumu, kwenye utando wa ndani wa makopo ya chakula na kwenye karatasi za risiti zinazochapwa kwa joto, ziko katika kundi la kemikali zinazovuruga homoni. Bisfenoli inafanana na estrojeni kiasi cha kupokelewa na seli kama vile ni homoni ya mwili. Hilo lilijulikana tangu miaka ya 1930, maana wanasayansi waliwahi kuipima wakitafuta dawa yenye kazi ya estrojeni. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini nazo zina vipokezi vya estrojeni. Zikishikwa na bisfenoli zinaachia insulini kupita inavyotakiwa, na mwili uliozoeshwa insulini nyingi huzidi kuwa sugu. Thaleti kadhaa, kwa upande wao, zinagusa swichi ndani ya seli inayoamua mafuta yahifadhiwe wapi na kwa wingi gani. Mwaka 2006 wanasayansi wa California walizipa kemikali za namna hiyo jina la pamoja, kwa maana ya vitu vinavyotengeneza unene.

Utafiti ulionishika zaidi ulifanywa Hispania kwa panya, ukachapishwa 2010. Panya wenye mimba walipewa bisfenoli kwa siku chache tu, kuanzia siku ya 9 hadi ya 16 ya mimba yao. Usugu wa insulini ukaongezeka kuliko kwa wenzao wenye mimba ambao hawakupewa. Hilo mtu angeweza kulitarajia. Jambo ambalo sikulitarajia ni lililoonekana miezi minne baada ya kuzaa, wakati ile kemikali ilishatoka mwilini zamani, maana bisfenoli haikai, inatoka kwenye mkojo ndani ya saa kadhaa. Wale panya mama walikuwa wazito kuliko wenzao, insulini yao juu, mafuta kwenye damu juu. Mimba imekwisha, kemikali imekwisha, alama imebaki kwa mama.

Nilisoma kifungu hicho mara tatu. Kila makala niliyokuwa nimeipata kabla ya hapo ilizungumzia mtoto: atazaliwa na uzito gani, ubongo wake utakuaje, atakuwa mnene akikua. Mama ametajwa kama njia, kemikali zinapita kwake kwenda kwa mtoto. Hata sheria zimekaa hivyohivyo. Umoja wa Ulaya uliikataza bisfenoli A kwenye chupa za kunyonyeshea mwaka 2011. Uamuzi wa kuiondoa kwenye makopo na vyombo vya chakula kwa ujumla, yaani vile anavyolia mama mwenyewe, ulikuja Desemba 2024. Ni miaka 13 kati ya chupa ya mtoto na kopo la mama yake. Chupa ile ilistahili kulindwa haraka, sina ubishi. Ninachokilalamikia ni hiyo miaka 13.

Kwa binadamu ushahidi haukusanywi kwa namna ileile, maana hakuna mtu wa haki atakayempa mjamzito kemikali ili aone itakuwaje. Wanachofanya ni kupima mkojo au damu ya wajawazito na kuwafuatilia. Boston, Marekani, waliona kwamba wanawake wenye kiwango kikubwa cha mabaki ya ile thaleti ya manukato ndio walioelekea zaidi kuongezeka uzito kupita kiasi wakati wa mimba, na sukari yao kutokwenda sawa baada ya kunywa glukosi. Tafiti za namna hii zinaonyesha mambo mawili yanatembea pamoja. Hazitoshi peke yake kusema hili limesababisha lile. Nami nilimuuliza daktari wangu waziwazi: ni saluni iliyonipa kisukari?

Hakukwepa. "Hakuna kipimo kitakachokutajia chupa ipi, dada. Kisukari cha mimba kina mambo mengi: umri, uzito, kurithi, usingizi, chakula. Kemikali ni moja kati yake. Ila hiyo moja ndiyo iliyosahaulika kwako, na ndiyo unayoweza kuipunguza kuanzia kesho."

Jibu hilo lilinikera siku ile, nilitaka mwenye hatia. Baadaye ndilo lililonitua mzigo, maana kama hakuna chupa moja ya kulaumiwa, basi hata mimi na sahani yangu hatukuwa wa kulaumiwa peke yetu.

Kuna kemikali ambazo kuzipunguza kesho hakusaidii sana, na hizo ndizo zinazoniogopesha. Zile za jamii ya PFAS, zinazotiwa kwenye vyombo visivyoshika chakula, nguo zisizolowa maji na povu la kuzimia moto, hazitoki kwa saa. Baadhi yake zinachukua miaka kadhaa kupungua nusu tu mwilini. Kule Marekani, mpakani mwa West Virginia na Ohio, maji ya kunywa yalichafuliwa na mojawapo kutoka kiwandani, na watu wapatao 69,000 walipimwa mwaka 2005 na 2006. Jopo la wanasayansi lilipomaliza kazi yake 2012 lilikuwa limetaja magonjwa sita yenye uhusiano unaowezekana na kemikali ile. Mawili yananihusu kama mama: kolesteroli kubwa, na shinikizo la damu linaloletwa na mimba. Mwanamke wa kule hakuwa amechagua chochote. Alifungua bomba akanywa.

Na kuna risasi, ile madini. Mwili unaidhania ni kalsiamu, unaihifadhi kwenye mifupa, nayo inakaa huko miongo. Inapokuja mimba, mtoto anahitaji kalsiamu ya kujengea mifupa yake, mwili wa mama unakwangua akiba kwenye mifupa, na pamoja na kalsiamu inatoka risasi ya miaka mingi iliyopita na kurudi kwenye damu. Yaani mwanamke anaweza kuathiriwa akiwa mjamzito na rangi ya ukuta wa nyumba aliyokulia. Lakini hapa pana jambo la kutia moyo: jaribio lililofanywa Mexico City kwa wajawazito lilionyesha kwamba waliopewa kalsiamu ya miligramu 1,200 kila siku, risasi kwenye damu yao ilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 11. Mwili unaopata kalsiamu ya kutosha haulazimiki kukwangua mifupa sana. Tangu nilipolijua hilo vidonge vyangu vya kalsiamu sikuvisahau tena.

Basi nilibadilisha nini? Dirisha kwanza. Tuliihamisha ile rafu siku ya mapumziko, mimi na mwanafunzi wangu, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota madoa ya njano ya spreyi ya miaka. Nilipitisha kidole, kikanata. Nilisimama pale nikiangalia kidole changu huku mkono mwingine uko tumboni. Kama ukuta umeshika namna ile, mapafu yangu je?

Baada ya dirisha, mambo yakafuatana. Kunyoosha nywele kwa ile dawa inayotoa moshi nikaacha kabisa. Moshi ule una fomaldehaidi, ambayo tangu 2004 imewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wateja niliopoteza niliwapoteza. Glavu kila ninaposhika rangi. Mafuta na shampuu zisizo na manukato. Chupa inafunikwa hapohapo ikishatumika. Chakula tukakitoa nje ya chumba cha kazi, na tukawa tunakipasha ndani ya chombo cha kioo, kwa sababu joto ndilo linalofanya plastiki itoe kilichomo, hasa chakula kikiwa na mafuta. Kunawa mikono kabla ya kula tulikuwa tunanawa, ila sasa kwa sabuni isiyo na harufu na kwa dakika nzima. Vumbi tunalifuta kwa kitambaa chenye maji, halifagiliwi likapaa.

Kuhusu bidhaa zilizoandikwa "haina BPA", yaani bisfenoli A, nilizikimbilia mwanzoni. Kisha nikajua kwamba mara nyingi kilichowekwa mahali pake ni ndugu yake, bisfenoli S, ambaye naye anaigiza estrojeni. Siku hizi nikipata kioo au chuma cha pua nachukua hicho, nisipopata sijitesi.

Kuna waliokuwa wananiambia najisumbua bure, kemikali ziko kila mahali, utakimbilia wapi? Nawaelewa. Ila mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa California uliohusisha wasichana 100. Walipewa vipodozi visivyo na thaleti, parabeni (zile zinazotiwa ili vipodozi visiharibike) wala dawa fulani za kuua vijidudu, wakavitumia siku tatu. Siku tatu tu. Mabaki ya thaleti ya manukato kwenye mkojo wao yalishuka asilimia 27, na parabeni asilimia zaidi ya 40. Kwa hiyo ninapoambiwa haiwezekani kupunguza, nawakumbuka wale wasichana.

Mtoto wangu alizaliwa salama wiki ya 38. Walimpima uzito, wakampima sukari kisigino mara kadhaa siku ile, wakanipa ratiba yake ya chanjo iliyoandikwa vizuri hadi umri wa miaka miwili. Sukari yangu ilikuwa imeshuka asubuhi iliyofuata, wakaniambia, "Hongera mama, umepona." Nikaenda nyumbani.

Sikupona. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu maisha yake yote, kwa sababu uwezekano wake wa kupata kisukari cha kudumu ni mara 7 hadi 10 ya mwenzake ambaye hakupata. Hilo kwenye kadi yangu halikuandikwa, au kama liliandikwa liliandikwa mahali ambapo mama aliyelala saa mbili kwa siku hawezi kuliona. Nilikuja kupimwa miaka mitatu baadaye kwa sababu nilikuwa nachoka hovyo. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilisoma asilimia 6.0. Kisukari kinaanzia 6.5. Nilikuwa njiani.

Nililia kwenye korido. Kisha nikawakumbuka wale panya wa Hispania.

Mimba ya pili nilipimwa mapema, wiki ya 12, na tena wiki ya 26. Safari hii nilipita mipaka miwili ya baadaye, nikaukosa wa kwanza kwa kidogo: 5.0 kabla ya kunywa. Kwa hiyo nilikuwa na kisukari cha mimba tena, ila nilikimudu kwa kutembea baada ya kula na kwa chakula, bila sindano za insulini nilizodunga mara ya kwanza. Siwezi kusema ni dirisha. Nilikuwa pia na uzito mdogo zaidi, nalala vizuri zaidi, na sikuwa na ile hofu. Lakini dirisha halikufungwa.

Kunyonyesha nilinyonyesha wote wawili, na nasisitiza hapa kwa sababu kuna akina mama wakishasikia kwamba PFAS hupita kwenye maziwa wanaogopa wanaacha. Ni kweli zinapita. Ni kweli pia kwamba kunyonyesha kunamlinda mtoto kwa mengi, na kwa mama aliyekuwa na kisukari cha mimba kunapunguza uwezekano wa kisukari cha kudumu. Nilimuuliza daktari wangu hilo peke yake, akanijibu kabla sijamaliza: "Nyonyesha."

Yule mwanafunzi wangu tuliyehamisha naye rafu sasa ni msusi kamili, na ana mimba ya wiki ya 30. Majibu yake ya glukosi yalivuka mpaka mmoja, ule wa saa moja. Alikuja nayo saluni amekunja karatasi ndogo kabisa mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ni vile nilivyokuwa nakula?"

Nilimkalisha kwenye kiti cha dirishani, ambacho ndicho chake sasa mpaka ajifungue, rangi na kucha nafanya mimi. Kisha nikatoa kalenda ukutani, tukahesabu wote wawili kuanzia tarehe anayotarajiwa, wiki sita mbele. Nikaizungushia duara nyekundu. Pembeni yake nikaandika jina lake, lake yeye na si la mtoto, na chini yake: kupima sukari.